Naomba ushauri: piano ya kanisa haishiki tyuni

Wakuu, habari zenu. Piano yetu ya kusimama, iko kanisani Tanga karibu kabisa na bahari, imeshuka karibu nusu toni chini ya A 440 (noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo cha kawaida cha kutyuni). Fundi aliipandisha, nyuzi za besi zikalegea tena ndani ya wiki. Ukiweka ufunguo wa kutyuni, pini zilizozungushiwa nyuzi zinazunguka kilaini mno. Nahofia ubao unaoshika pini umepasuka kwa unyevu. Vitufe kadhaa vilikuwa vinaganda, ila tangu tuweke mashine ya kukausha hewa vinarudi vizuri. Pini bado.

Je, pini nene zaidi zitatosha, au ubao ubadilishwe? Na fundi mpya nimuulize nini kabla hajaigusa? Yule wa kwanza hakupima hata ukazaji wa pini, na nyuzi zaidi ya 200 zinavuta fremu kwa tani nyingi.