Naomba ushauri: saruji au chokaa kwenye jengo la zamani la chuo?

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Niko kwenye kamati ya ukarabati ya chuo kimoja nje kidogo ya Kisumu. Tuna jengo la mawe la enzi za wamishonari, ukumbi chini, maktaba juu. Miaka michache iliyopita fundi alilipiga plasta ya saruji nje, likapendeza kweli. Sasa unyevu umepanda hadi usawa wa kiuno. Ukigonga ukuta unalia kama debe tupu, na plasta ikibanduka, jiwe lenyewe linamomonyoka kama sukari guru.

Mwashi mmoja mzee anasema tuibandue yote turudishe chokaa, kwani saruji hufungia maji ndani na chokaa huuacha ukuta upumue. Mkandarasi yeye anataka kupaka rangi isiyopitisha maji juu ya hiyo saruji! Mimi namwamini mzee, ila bodi inapenda kinachong'aa.

Nani amewahi kutumia chokaa huku kwetu kwenye mvua nyingi? Mlichanganya na mchanga kwa kipimo gani, na mlingoja siku ngapi kabla ya koti la pili? Na je, Makavazi ya Taifa huwa wanatuma mtaalamu ukiwaandikia, ama ni mpaka jengo liwe limetangazwa kuwa turathi?