Naenda kusoma nje semista moja, naogopa kozi zisitambuliwe nikirudi

mwakawatatu:
Wakuu habari zenu. Nimechaguliwa kwenda chuo kimoja cha Ulaya semista ijayo kupitia Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Furaha ninayo, ila jana nimeongea na jamaa aliyewahi kwenda, ananiambia alifaulu kozi zote nne alafu kurudi idara ikamtambulia mbili tu, hizo zingine akarudi kukaa darasani na wadogo zake. Usiku mzima sijalala. Waliokwenda nisaidieni, hii inaepukika vipi au nighairi tu?

nilisharudi:
Usighairi dogo. Huyo jamaa namuelewa sababu na mimi kidogo yanikute. Kabla hujapanda ndege kuna fomu ya makubaliano ya masomo, ina saini tatu, yako, ya chuo chako na ya chuo unachokwenda, na humo ndo kunaandikwa kozi gani ya kule inasimama badala ya kozi gani ya huku. Watu wengi wanaijaza kwa kuangalia majina tu, wanaona kule kuna Takwimu na huku kuna Takwimu basi wanaandika, kumbe ya kule ina krediti 3 wakati wewe ulihitaji ya 6. Kwa mfumo wa ECTS, yani ule wa vyuo vya Ulaya wa kuhesabu krediti, mwaka mzima ni krediti 60, semista 30, na krediti moja ni kama masaa 25 mpaka 30 ya kazi, yani darasani pamoja na kujisomea mwenyewe. Kwa iyo tafuta maelezo ya kila kozi, mada kwa mada, mpelekee mwalimu wa hio kozi hapo kwako ayasome.

Sasa mimi yote hayo nilifanya, nikafika kule wiki ya kwanza naambiwa kozi moja haifundishwi semista hio. Nikatafuta nyingine inayofanana, nikampigia mkuu wa idara huku akasema "chukua tu, haina shida". Sijui nini kilinituma usiku ule nikamwandikia imeli, nikaambatanisha maelezo ya kozi mpya, nikamuomba athibitishe kwa maandishi. Akajibu mstari mmoja tu, kwamba anakubali ichukue nafasi ya ile ya mwanzo. Narudi nakuta mkuu wa idara ni mtu mwingine kabisa na hanijui! Ule mstari ndo ulioniokoa. Kozi ikibadilika omba na fomu irekebishwe wiki hizo hizo za mwanzo, usisubiri mitihani.

bintiwasheria:
Naongezea viza maana watu wanapigwa chenga hapo. Viza fupi ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ni siku 90 ndani ya siku 180, semista haitoshi humo, unatakiwa viza ya muda mrefu ya nchi husika na miadi ya ubalozi inaweza kuchukua muda sana. Barua ya chuo ikifika tu omba miadi siku hio hio.

mzeewasapu:
Mi nitakuwa mkorofi kidogo. Uliza na maksi, sio krediti tu. Kuna vyuo vinaziingiza kwenye GPA (wastani wa alama zako) na kuna vinavyoandika umefaulu basi, sasa kama unategemea semista hio ipandishe GPA unaweza kupata alama kali kule na isikusaidie kitu. Na angalia kalenda, mtihani wa kule ukigongana na kufungua chuo huku utajigawa vipi?

mwakawatatu:
Asanteni sana wakuu. Na hela je? Ada nalipa wapi?

nilisharudi:
Ukienda kwa Erasmus chuo cha kule hakikutozi ada, hata ya mitihani. Posho ndo uulize inaingia lini na kwa mafungu mangapi, mimi fungu la mwisho lilikuja nimesharudi nyumbani, mwezi wa mwisho niliishi kwa kukopa kwa wenzangu.

mwakawatatu:
Sawa kaka. Nimeshamuandikia mkuu wa idara, kasema nipite jumatatu asubuhi.

bintiwasheria:
Beba nakala mbili za fomu. Na kalamu, asije kukwambia ya kwake imeisha wino.

mzeewasapu:
😂😂 umemaliza dada