Godoro la kitanda cha mtoto mchanga: ulichagua kwa kigezo gani? Tupeane uzoefu

Mama Tunu

Habari za jioni wapendwa. Nina ujauzito wa wiki 33. Kitanda cha mtoto kimeshatoka kwa fundi, kilichobaki ni godoro, na hapo ndipo penye hofu yangu.

Kwa Tunu nilinunua la sponji Kariakoo, futi 2 kwa 4, inchi 4, likiwa ndani ya nailoni yake. Sikulifungua mpaka siku niliyotoka hospitali. Mume wangu alipochana ile nailoni, chumba kizima kikajaa harufu kama ya rangi ya gari. Mama mkwe alikuwa amekuja kunilea arobaini. Alipiga chafya mara tatu, akalikunja godoro, akalitupa uani: "Mjukuu wangu halali kwenye petroli." Tukalala na Tunu kitanda kimoja miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu sikupata usingizi kwa kuogopa kumlalia.

Safari hii nataka nijipange mapema. Naomba mseme mlichonunua wenyewe na mlichokijutia. Ya kusikia kwa jirani tuyaache.

Fundi Sponji

Hongera Mama Tunu, na pole kwa ile ya kwanza. Nimefanya kazi kiwanda cha magodoro miaka sita, sasa nakata sponji Keko, kwa hiyo nitasema ya jikoni.

Sponji inapikwa bila moto. Zinachanganywa kemikali mbili kubwa, poliyoli na isosayaneti, na maji kidogo na vikolezo vingine, ule uji unaumuka kama maandazi mpaka linatoka bonge zima. Ndani yake lina joto kali. Linatakiwa lipoe na kupumua usiku mzima au zaidi kabla halijakatwa. Oda zikiwa nyingi, linakatwa mapema, linavishwa kava, linafungwa nailoni, na hewa yake yote unaibeba wewe mpaka nyumbani. Hiyo ndiyo aliyoipigia chafya mama mkwe. Ukilianika inapungua, ila lianike kivulini penye upepo, maana jua kali linaigeuza sponji njano halafu inaanza kumeguka. La mwanangu nililivua kava nikaliacha barazani wiki mbili.

La pili: watu wananunua inchi, na hapo ndipo wanapopigwa. Ulizia densiti, yaani uzito kwa ujazo. Hilo la 2 kwa 4 inchi 4, likiwa densiti 25 (kilo 25 kwa mita moja ya ujazo), bila kava linafika karibu kilo 2. Likiwa kilo moja na robo hivi, umenunua hewa, litabonyea ndani ya miezi michache. Beba hata mizani ya dukani, usione aibu. Ila na mizani inadanganywa: kuna wanaotia unga wa chokaa kwenye mchanganyiko ili sponji iwe nzito. Sugua pembe kwa kidole, ukiona unga unabaki, achana nalo.

Sponji ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi, ile ya rangirangi, ni ngumu vizuri na bei yake nafuu. Lakini hujui kila kipande kimetoka wapi, na gundi nayo ina harufu yake. Kwa mtu mzima sawa. Kwa mchanga, mimi sikuiweka.

Ummu Nasra

Mie wa Tanga, na ninayo ya kusimulia kwa wale wanaosema cha asili ndicho salama.

Bibi yangu alimshonea mjukuu godoro la sufi. Msufi wa shambani kwake, sufi kaichambua mwenyewe, kitambaa cha pamba kipya, hapana dawa wala harufu. Sote tukalisifu. Sufi bwana ina raha yake, lakini inakimbia. Ukilalia pahala pamoja, inasogea pembeni, katikati panafanya shimo. Mwanangu alipofika miezi minne akaanza kujipindua. Alasiri moja nilimkuta kalala kifudifudi, pua na mdomo vimezama kwenye lile shimo, kitambaa kimelowa pumzi yake. Nilimnyanyua kwa miguu nadhani, sikumbuki. Alilia, alhamdulillahi.

Godoro likahamia chumbani kwa bibi, na hakununa. Mie nikatafuta la usumba, lile la makumbi ya nazi lililopuliziwa mpira. Gumu, halibonyei, hewa inapita. Ubaya wake usumba unachomachoma, lazima juu liwe na kitambaa kizito kilichoshonwa vizuri, na likilowa mkojo likakaa bila kukaushwa linafanya kuvu. Lisije likakuponza hilo.

Mkulima wa Jioni

Dah. Sisi tumelazwa kwenye mkeka na kanga ya mama, leo tunapima densiti. Pesa zenu tu.

Nesi Mstaafu

Mkulima, unacheka lakini umesema kweli bila kujua. Mkeka uliotandikwa sakafuni ni mgumu, bapa, hauna pengo. Shida yake ni baridi ya sakafu, mbu na siafu. Nimezalisha na kulea wodi ya wazazi miaka 31, na wanaonitia hofu ni wazazi wenye uwezo: godoro laini kama keki, mto wa kutengeneza kichwa, mito ya kuzungushia kitanda, mdoli kila kona.

Wanangu, harufu mnaiogopa na mna haki. Ila kinachoweza kumziba mtoto pumzi usiku huu huu ni ulaini. Bonyeza godoro kwa kiganja, achia. Likirudi papo hapo, vizuri. Likibaki na alama ya mkono, hata liwe la pamba ya peponi, hapana. Juu yake shuka moja iliyobana, basi. Mtoto chali, kila usingizi.

Najua bibi zenu watasema akilala chali atapaliwa akicheua. Niliulizwa hilo kila wiki. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu, njia ya chakula iko chini yake, kwa hiyo kinachopanda kinalazimika kupanda mlima kabla hakijaingia kwenye hewa. Akiwa kifudifudi ndipo mambo yanapogeuka.

Na ile makintoshi mliyopeleka hospitali siku ya kujifungua: ukitaka kuitumia kuzuia mkojo, itandaze chini ya shuka, ipite chini ya godoro pande zote mpaka ibane. Nailoni ya kifungashio usiiache kitandani kamwe. Nimeona mama kaiacha makusudi "lisichafuke".

Baba Pacha

Nawasalimu kutoka Minnesota. Huku tatizo ni kinyume, kila godoro lina lebo sita na zote zinajisifu. Nililipa karibu mara tatu ya bei ya kawaida kwa sababu ya neno "asili" kwenye boksi. Nilipotulia nikasoma: kava la plastiki, ndani sponji ile ile ya Fundi wetu hapo juu. CertiPUR-US inahusu sponji yenyewe tu, kava halimo. GREENGUARD Gold inapima hewa inayotoka kwenye bidhaa nzima. GOTS ni ya pamba na nyuzi nyingine za kilimo hai. Ukijua lebo inapima nini, muuzaji anakosa la kusema.

Kava la plastiki laini nalo ni somo. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti, na Marekani ilizibana kwenye vitu vya watoto kwa sheria ya 2008. Kwa hiyo godoro la zamani la kurithi lenye kava la plastiki, mimi silipokei.

Kubwa zaidi ni dawa za kuzuia moto. California ilikuwa na kanuni tangu 1975 iliyofanya viwanda vijaze dawa hizo kwenye sponji za fanicha, na zikaenea mpaka kwenye vitu vingi vya watoto. Hazishikani na sponji, zinatoka taratibu na kuingia kwenye vumbi la nyumba, mtoto anatambaa, mkono mdomoni. Aina moja iliyotumika sana iliachwa kutengenezwa huku mwisho wa 2004, na kanuni yenyewe ikabadilishwa 2013. Sasa jiulizeni sponji kuukuu zinaishia wapi.

Ile mito ya kuzungushia kitanda, Nesi, huku tangu 2022 ni marufuku kisheria kuuzwa. Mimi nilikuwa nimeshanunua seti mbili zenye tembo. Nesi wa wodi alipoziona kwenye picha alinyamaza tu, na ule unyamavu ulinitosha.

Shiru wa Umoja

Baba Pacha umenigusa. Niko Nairobi, binamu alinipatia kitanda na godoro lake, vyote vya mitumba. Kitanda kilikuwa poa kabisa, godoro lilikuwa fupi. Kando kulibaki nafasi naweza kupitisha mkono mzima. Nikaijaza na leso. Usiku wa tatu nikamkuta mtoi ameingiza mguu hapo mpaka kwa paja, leso imetolewa iko juu ya uso wake. Jameni.

Kesho yake nilichukua kamba nikapima ndani ya kitanda, si nje, nikapelekea mwenye kukata sponji. Sasa vidole viwili haviingii pande zote. Lile la zamani tulipolifungua lilikuwa na madoa meusi kwa mshono. Kunguni. Mtu alikuwa amelipulizia dawa, harufu ilikuwa bado iko. Nililichoma? La, nililikatakata ndiyo mtu asiliokote. Moshi wa sponji si wa kuvuta.

Mama Tunu

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Narudi na mrejesho.

Nilienda na kamba ya Shiru na mizani niliyoazima kwa muuza viazi. Duka la kwanza walinicheka. La pili kijana akakubali kuvua kava: kilo moja na gramu 950, nikasugua pembe, kidole kikatoka safi. Kiganja hakikuacha alama. Nembo ya TBS, shirika letu la viwango, ipo kwenye kava. Nikamshonea kava jingine la pamba kwa fundi cherehani, lenye zipu upande wa miguuni.

Leo ni siku ya 11 liko barazani. Jioni hii mama mkwe kapita, kainama, kaweka pua yake katikati ya godoro, kavuta pumzi ndefu. Tukasubiri.

"Bado kidogo," kasema, akaenda zake jikoni.

Kwa hiyo bado liko barazani.