Hadithi za upelelezi za kufundishia watoto uchumi: mkosaji awe nani?

MamaMaktaba (Morogoro)

Habari zenu wana jukwaa. Jumamosi asubuhi huwa nawasomea hadithi watoto wa mtaani kwetu Kihonda, wa darasa la nne hadi la sita. Wanapenda upelelezi kuliko kitu chochote. Ukitaja nyayo kwenye tope tu, kelele zote kwisha. Nimeanza kuwatungia za kwangu ili humo ndani wajifunze bei, faida na uhaba.

Tatizo ni kwamba kila ninayoitunga inaishia kwa mfanyabiashara mbaya. Sukari imeadimika? Mwenye duka kaificha. Nyanya zimepanda? Dalali huyo. Watoto wanashangilia lakini hakuna walichojifunza, na wengine mama zao ndio wenye magenge ya mboga. Nitungeje fumbo la kweli bila kumbebesha mtu kosa lisilo lake?

MzeeWaMatenga (Iringa)

Hongera kwa kazi hiyo, mama. Mimi nimesafirisha nyanya kutoka Ilula kwenda Dar miaka mingi, na wajukuu wangu nawasimulia hii.

Neema ni binti wa mkulima. Anamwona baba yake akiuza tenga shambani kwa 12,000. Wiki hiyohiyo shangazi anapiga simu kutoka Ilala, Dar: tenga kama hilo kanunua 40,000. Elfu ishirini na nane zimepotelea njiani! Mshukiwa ni dalali, ana simu mbili na hapendi maswali. Neema anachukua daftari, anapanda fuso na mjomba wake.

Hapo usiharakishe, mama. Kila kituo kitoe ushahidi, naye aandike. Tenga tupu, 2,000. Kupakia na kushusha, 2,000. Ushuru, 1,000. Gari, 7,000. Ukijumlisha na bei ya shambani unapata 24,000, na watoto watasema, "Bado kuna 16,000, mkamateni!" Sasa wape usiku wa Kitonga, mlima wenye kona kali njiani. Lori limekwama mteremkoni, foleni haisogei hadi kunakucha. Wakifika sokoni, maji mekundu yanachuruzika kwenye mbao za bodi. Yalipakiwa matenga 100, yamepona 80. Yale 20 yaliyopondeka nani kayalipia? Waache wahangaike na hesabu wenyewe: matenga 100 kwa 24,000 ni 2,400,000, gawanya kwa 80. Kila tenga zima limeshafika 30,000 kabla mtu hajala faida. Iliyobaki ni 10,000, wanagawana mwenye mzigo na dalali. Si haba, lakini si ile 28,000 ya mwanzo.

Halafu watungie sehemu ya pili. Mvua zimeharibu mashamba, dalali ni yuleyule, barabara ileile, tenga Ilala limefika 70,000. Watakuambia kawa na tamaa. Waulize: mwezi ule nyanya zilipofurika mpaka zikauzwa kwa hasara, tamaa yake ilikuwa imekwenda wapi? Mtoto akilijibu swali hilo, ameelewa bei kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Mwalimu_Nakuru

Hamjambo. Mzee, hiyo nitaitumia darasani. Kwetu Kenya kuna fumbo ambalo tuliliishi mwaka 2017. Ukame ulikuwa umepunguza mahindi, pakiti ya kilo mbili ya unga ikafika kama shilingi 150. Mwezi wa Mei serikali ikaweka ruzuku, bei ikawa 90. Kila mtu alifurahi, kisha rafu zikaanza kubaki tupu. Unga usio wa ruzuku ulikuwepo madukani kwa bei ya juu, wa 90 ukawa wa kuwindwa.

Watoto hudhani bei ikishuka mambo yamekwisha. Ningempa mpelelezi wangu kazi ya kusimama mlangoni mwa duka na kuandika nani ametoka na unga wa 90 na nani ametoka mikono mitupu. Mama anayeondoka kazini saa kumi na moja hakuti hata pakiti moja ya 90. Aliye na nafasi ya kupanga foleni tangu asubuhi ndiye anapika ugali. Hakuna mwizi hapo, na bado kuna aliyekosa. Mimi hilo ndilo ningetaka walizungumze.

MamaMaktaba (Morogoro)

Asanteni sana, nimenakili yote. Ila mzee, wizi wa kweli nao upo. Sitaki watoto watoke wakiamini sokoni hakuna anayeonewa. Baba yake Neema je, akilazimishwa kujaza lumbesa, yaani gunia lililopitishwa kipimo kwa bei ya gunia moja?

MzeeWaMatenga (Iringa)

Hapo mama umegusa penyewe. Lumbesa ni kosa kisheria: gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kumchukulia hatua anayezidisha. Mkulima wa viazi analipwa gunia moja huku mnunuzi ameshashonea kichwa cha wavu juu, kilo nyingine nyingi zinaondoka bure. Hiyo itungie hadithi yake, na humo mkosaji awepo, ashikwe.

Ila itangulize ile ya nyanya. Kwenye ya nyanya Neema atumie daftari, kwenye ya viazi atumie mizani. Na ukipata mizani ya kuazima, hata ya muuza mkaa, ipeleke siku hiyo. Jaza kiroba mpaka kwenye mdomo, pima, kisha ongeza kichwa, pima tena mbele yao, na kila mtoto aandike tofauti kwa mkono wake. Usiwaambie jina la mkosaji kabla hawajamaliza kuandika.