Afya ya uzazi na stadi za maisha kwa watoto wa wafugaji: shule ifundishe au ni mambo ya nyumbani?

mwalimu_nyika
Wakuu habari za leo. Nafundisha shule ya msingi huku Longido, karibu wanafunzi wote ni watoto wa wafugaji. Tunataka kuanzisha kipindi kila Ijumaa kwa darasa la tano mpaka la saba: balehe, hedhi, mimba za utotoni, VVU, ukeketaji, kusema hapana ukilazimishwa, na zahanati unaenda kufanya nini. Hakuna mtihani, ni kuongea tu na watoto. Baadhi ya wazazi wamekuja juu wanasema hayo ni mambo ya nyumbani, na kamati ya shule imegawanyika. Kikao cha wazazi ni Jumatano ijayo. Mnaoijua hii jamii naombeni maoni, tufundishe au tuwaachie wazazi na malaigwanani, yaani viongozi wa kimila?

mama_watatu
Fundisheni mwalimu, unasubiri nini. Kuna watoto wanavunja ungo hawajui hata ni kitu gani, wanaficha nguo porini wanafikiri wameugua. Siku nne tano kila mwezi hawaji shule, mnaandika mtoro.

mtu_wa_pwani
Shule ndiyo pekee itakayowaokoa. Tuseme ukweli bila kuoneana aibu, mfugaji anamjua ndama wake kuliko binti yake. Ng'ombe akikohoa usiku anaamka, binti akikua hana habari mpaka siku ya kuhesabu mahari. Sheria ya kukataza ukeketaji ipo toka mwaka 2000 na bado wanakeketa. Ukisema uwaachie wazazi unawaachia kina nani?

ole_wa_simanjiro
Hapo umetukana mkuu. Mimi ni baba na ni mfugaji. Ukame ule wa 2021 kwenda 2022 ulivyotupiga huku Simanjiro nilikuwa na binti kidato cha pili, ng'ombe wanaanguka kila asubuhi tunawavuta kwa kamba kuwasimamisha, nikauza waliobaki kwa bei ya kutupa ili asirudishwe nyumbani kwa michango, leo unaniambia namjua ndama kuliko mwanangu. Yule ndama ndiye daftari lake, ndiye dawa yake, ndiye nauli yake. Usiongee kitu ambacho hujawahi kukilalia njaa.

mtu_wa_pwani
Sijatukana mtu mzee wangu, naongea namba. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022, ukeketaji nchi nzima ni asilimia 8, Arusha na Manyara ni 43. Sasa huko wanaishi kina nani, wavuvi?

nesi_wa_kijijini
Nirekebishe kidogo. Sheria ni ya makosa ya kujamiiana ya 1998, SOSPA, siyo 2000, na inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18. Namba ni sahihi lakini mikoa hiyo ina wakulima, ina miji, usimbandike mfugaji peke yake. Ila kuna jambo naomba mlisikie: sheria ilivyobana, kuna watu wamehamia kukeketa vichanga. Mtoto anakatwa ana wiki chache, kidonda kinaitwa ugonjwa, kesi haipo. Mwalimu ukisubiri darasa la tano, kwa hilo la ukeketaji umeshachelewa, unatakiwa uongee na mama mjamzito kliniki. Shule peke yake haitoshi.

layoni_wa_jana
Mi nimebaki hapo kwenye ndama. Nani kasema kumjua ndama ni ujinga? Nilikuwa na miaka kama tisa nimeshamsaidia ng'ombe kuzaa, mkono ndani, ndama kakaa vibaya, hakuna mtu mzima karibu. Nimefika darasa la sita mwalimu anachora ubaoni mimba inavyotungwa anaona haya yeye, sisi tunamwangalia tu. Hayo tulishayaona machungani tukiwa wadogo. Ambacho hatukuambiwa na mtu, si nyumbani si shule, ni kwamba msichana akisema hapana basi ni hapana. Nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima. Mwalimu kipindi chako kianzie hapo, hiyo michoro iache.

bwana_mifugo
Layoni kasema la maana. Niongeze kwa fani yangu, maana nimezunguka maboma miaka mingi. Mfugaji yeyote mzuri anajua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, hapandishwi kabla mwili haujakomaa, nyonga hazijatanuka, akishika mimba mapema anakwama kuzaa unampoteza yeye na ndama. Wanamtenga na dume makusudi. Ukikaa na mzee ukamwambia binti wa miaka 14 naye nyonga hazijakomaa, uchungu unapitiliza siku mbili tatu, anaishia fistula, mkojo unamtoka bila kujizuia, au anakufa, mzee anaelewa dakika hiyo hiyo. Tumia lugha wanayoijua.

yeyo_wa_kiteto
Binti si mtamba.

bwana_mifugo
Dada yangu sijasema binti ni mtamba, nimesema mfano.

yeyo_wa_kiteto
Na mimi nakwambia huo mfano tumechoka nao. Nimehesabiwa kwa ng'ombe, nimeolewa kwa ng'ombe, na kesi ya mdogo wangu ilimalizwa kwa ng'ombe, wazee walikaa chini ya mti asubuhi mpaka mchana wakaelewana mitamba mingapi na yeye hakuitwa hata kuulizwa jina la aliyemfanyia. Sasa na elimu ya kumsaidia mnataka kumfundishia kwa ng'ombe? Mzee anayeelewa mpaka umwambie mwanae ni kama mtamba, kesho atakwambia mtamba amekomaa, muda wa kupandisha umefika. Hapo utamjibu nini?

mama_watatu
🔥🔥 Jibu hilo bwana mifugo.

bwana_mifugo
Nakubali hapo kuna hatari. Lakini nimeona kwa macho yangu mzee akirudisha mahari kwa maneno hayo hayo. Yule binti leo anasoma. Mnataka nisiutumie kwa sababu haupendezi masikioni?

ole_wa_simanjiro
Yeyo nakuheshimu, ila usiseme ng'ombe kama ni kitu kichafu. Mahari si kununua mtu. Ni undugu wa familia mbili.

yeyo_wa_kiteto
Undugu huo mimi sikuulizwa baba. Nilikuwa na miaka 15.

mtu_wa_pwani
Sasa si mnaona? Hiki ndicho nilichosema mwanzo. Na sheria inasema ndoa ni miaka 18, hao wote walitakiwa wawe jela.

nesi_wa_kijijini
Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani 2019 ikakubaliana nayo. Kilichobana kweli ni marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, ukimuoa au ukimpa mimba mwanafunzi ni miaka 30. Lakini kesi inahitaji shahidi, na shahidi ni yule yule mtoto ambaye familia zimeshakaa zikamalizana kwa mifugo, kama alivyoeleza yeyo. Anafika mahakamani anasema hamjui mtu. Nimewasindikiza wawili, wote walisema hawamjui mtu.

mwalimu_nyika
Wakuu nashukuru ila tumetoka kwenye swali. Sijauliza habari ya mahari wala mitamba. Nimeuliza shule ifundishe au isifundishe.

layoni_wa_jana
Mwalimu swali lako limeshajibiwa, hapa hakuna aliyesema usifundishe. Tunabishana utafundishaje. Na vijana wa kiume umewaweka wapi? Orodha yako yote ni ya wasichana, hedhi, mimba, ukeketaji. Mvulana akishatahiriwa akaingia umorani hasomi tena vizuri, anajiona mtu mzima anakaa darasani na watoto, na huko nje anasifiwa kwa vitu vile vile ambavyo unamfundisha msichana kuvikataa. Unamfundisha mmoja kukimbia na mwingine hujamwambia aache kumkimbiza.

ole_wa_simanjiro
Hilo la morani nalikubali asilimia mia. Na anayesikilizwa na morani ni rika lililo juu yake na laigwanani wake. Mwalimu akisema anacheka, laigwanani akisema ananyamaza. Kwa hiyo mtu asije akaniambia wazee wakae pembeni.

Lingine, sisi tuna kitu kinaitwa enkanyit, heshima. Msichana hawezi kuongea mambo ya mwili wake mbele ya mwanaume wa rika la baba yake. Mwalimu mwanaume wa miaka arobaini akisimama darasani akataja hedhi, mtoto anainamisha kichwa mpaka kengele, na nyumbani anasema mwalimu ametutukana. Hao wazazi waliokuja juu inawezekana hawapingi elimu, wanapinga mdomo uliotoka. Na Kiswahili chenyewe. Darasa la tano mtoto anajua kusoma neno hedhi, maana yake haijui, Kimaasai ndiyo lugha anayolilia.

mama_watatu
Sasa mzee shule haina mwalimu wa kike anayejua Kimaasai, mtoto asubiri mpaka lini? Enkanyit hiyo haijamzuia mtu kumuoza wa miaka 15.

ole_wa_simanjiro
Enkanyit ikifuatwa inazuia. Walioivunja ni watu, si mila.

mama_watatu
Kila siku ni watu si mila. Na kila siku anayeumia ni mtoto wa kike.

nesi_wa_kijijini
Nisaidie kwa mfano wa kazini. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza 2018 ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Shuleni ya kwanza tulichanja vizuri. Miezi sita inafika ni kiangazi, boma limehama na mifugo, nusu ya majina yangu hayapo. Na waliopo wamekatazwa, imeshavuma kwamba ni sindano ya kufunga kizazi. Hatukuwa tumeongea na kina mama hata siku moja, tulipitia shuleni tukidhani kwa sababu watoto wako pale basi wazazi wamekubali. Tukaanza kukaa na bibi wa boma kwanza, wale kina koko, ndiyo mambo yakalainika. Toka 2024 ni dozi moja, miaka 9 mpaka 14, angalau hatukimbizani tena na msimu. Mwalimu usirudie kosa letu.

mtu_wa_pwani
Kwa hiyo tubembeleze wanaovunja sheria.

yeyo_wa_kiteto
Kaka wa pwani nikwambie kitu halafu ninyamaze. Siku wanakuja kunichukua mwalimu wangu alijua. Nilimwambia mwenyewe, nimesimama mlangoni kwa ofisi yake, nimeshika daftari la hesabu. Akaniangalia akasema hayo ni mambo ya nyumbani kwenu. Ni mtu wa huko kwenu, ana diploma, hana ng'ombe hata mmoja. Nikapata mimba, na enzi zangu ukipata mimba shule imeisha, siyo kama sasa toka Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo usiniambie tatizo ni wafugaji. Nilipotafuta mtu mmoja wa kusema hapana pamoja na mimi, aliyenirudisha ni shule.

mtu_wa_pwani
Pole sana dada. Lile la ndama nimelifuta.

mwalimu_nyika
Yeyo nimesoma ujumbe wako mara tatu. Hayo maneno mimi mwenyewe nimeshawahi kumwambia mtoto. Sitayasema tena. Jumatano natetea kipindi, na wavulana wanaingia.

ole_wa_simanjiro
Kikao saa ngapi?

mwalimu_nyika
Saa nne asubuhi.

ole_wa_simanjiro
Kiangazi hiki saa nne wanaume wote wako kwenye lambo wananywesha. Utapata watu sita halafu mtaandika kina baba hawajali elimu. Uliza hapo kijijini siku gani ng'ombe hawanywi, weka hiyo.

mwalimu_nyika
Au jioni saa kumi na mbili?

yeyo_wa_kiteto
Jioni mifugo inaingia, sisi ndiyo tunakamua. Na kikao cha pamoja mwanamke hatafungua mdomo mbele ya baba mkwe wake. Weka viwili.

mwalimu_nyika
Viwili basi. Lakini cha kina mama nitakiongozaje, mi mwanaume na Kimaasai changu kinaishia kwenye salamu.

yeyo_wa_kiteto
Usikiongoze. Hapo kijijini lazima kuna mwanamke aliyefika la saba au kidato cha pili akakatishwa, muulize mtendaji au muulize nesi wenu. Mpe huyo kiti, wewe kaa nje chini ya mti mpaka wakuite.