Montaji ya ndoa inakwama: nichukue hii ordinateri ya Xeon?

Kamera_Katuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Napiga video za ndoa hapa Lubumbashi kwa Sony A6400, na montaji (kukata na kuunga video) naifanya nyumbani kwa laptopu ya prosesa i5-8250U, memori (RAM) 8 GB, diski ya kuzunguka ya 1 TB. Tangu nihamie 4K nateseka. Nikicheza video ndani ya Premiere, programu ninayokatia, bibi arusi anapiga hatua moja anasimama, kwaya inaendelea kuimba bila yeye. Ndoa ya Jumamosi naimaliza baada ya wiki mbili, na mama wa bwana arusi anapiga simu kila asubuhi.

Niko na dola 900. Muuzaji mmoja wa mjini ananionyesha ordinateri kubwa ya ofisi, iliyotumika: prosesa ya Xeon E5-2680 v4, RAM 32 GB, kadi ya michoro ya GTX 1650, pamoja na ekrani, dola 550. Anasema, "Kora 14, papa, hii haikwami." Nichukue, ao nitengenezeshe mpya? Mjue kwetu kurani (umeme) inakatika karibu kila jioni.

Fundi_Ruashi

Ndugu, usitoe hata franka kwanza. Cheza ile video inayokwama, na pembeni ufungue Task Manager uangalie nini inafika asilimia 100: prosesa, memori ao diski. Uniletee jibu.

Nakuambia sababu. A6400 inaandika H.264 (namna ya kubana video) ya biti 8, 4:2:0 (kiasi cha rangi inayohifadhiwa), megabiti 100 kwa sekunde. Katika faili ya namna hiyo picha nyingi hazijakamilika: zinabeba tu kilichobadilika tangu picha ya jirani. Ukiruka katikati ya video, mashine inarudi nyuma kutafuta picha kamili, halafu inajenga upya mpaka pale uliposimama. Ndiyo kazi inayochosha. Lakini i5 yako iko na kisehemu kilichoundwa kwa hiyo kazi tu, Intel wanakiita Quick Sync. Xeon E5 haina. Kora 14, ni kusema sehemu 14 za prosesa zinazofanya kazi pamoja, ni nyingi, sikatai, ila kasi yake ya msingi ni 2.4 GHz, ni prosesa ya 2016 iliyotengenezwa kwa seva. Video zako zitafunguliwa na ile GTX 1650, na itaziweza. Muuzaji hadanganyi kabisa. Ila ujue pale unanunua kadi na RAM. Zile kora ni maneno ya sokoni.

mkata_video (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi napingana kidogo na fundi. Laptop ya kizazi cha nane kwa 4K ni kujitesa. Achana na Xeon, achana na hiyo laptop, unga desktop: Intel i5 ya kizazi cha 12, RAM 32 GB ikiwa vipande viwili vya 16 (kipande kimoja kinapunguza kasi ya memori), SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya NVMe ya 1 TB. Kadi ya michoro utaongeza siku za mbele.

Angalia herufi za mwisho tu. i5-12400 na i5-12400F wanakuuzia kama ndugu pacha, kumbe yenye F haina michoro ya ndani, kwa hiyo Quick Sync hakuna, na bila kadi hata skrini haiwaki. Ukija kununua kamera inayorekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, yenye rangi zaidi, utakumbuka maneno yangu: kadi za Nvidia zilizotangulia RTX 50 haziifungui hiyo, wakati michoro ya ndani ya Intel ya kizazi cha 12 inaifungua.

Mama_Picha (Lubumbashi)

Nyinyi wanaume mumeshika kora na herufi, kurani hakuna aliyeigusa. Mwanangu wa Katuba, sikiliza. Mwaka jana mvua za mwezi wa kumi na moja radi ilipiga, alimentasio (kisanduku kinachogawa umeme ndani) ya desktop yangu ikaungua na ikaenda na diski. Ndani mulikuwa ndoa mbili. Moja niliipata tena kwenye kadi za kamera. Ya pili nilienda kuomba msamaha nyumbani kwa watu, na feza nilirudisha yote.

Piga hesabu: megabiti 100 kwa sekunde ni 45 GB kwa saa. Ndoa ya saa tano ni 225 GB. Ndoa nne, diski yako imejaa. Utaweka wapi kopi? Ukinunua desktop, toa kwanza feza ya onduleri (betri ya akiba ya ordinateri), na hiyo inakupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. Laptopu ikiwa na betri nzima, kurani ikienda unaendelea kukata. Mvua ikianza, chomoa waya ukutani, onduleri pia.

Kamera_Katuba

Aksanti mama, pole sana kwa hizo ndoa. Fundi, nimeangalia: diski 100 muda wote, memori 7.6 kati ya 8. Prosesa iko 45 tu!

Fundi_Ruashi

Basi prosesa inangojea tu. Ongeza RAM ifike 16, toa diski ya kuzunguka, weka SSD. Na mukifungua, mupige vumbi: hii ya kwetu ya kiangazi inaziba feni, prosesa ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe.

Kisha ujifunze proksi. Premiere inakutengenezea kopi ndogo za 720 za kila video, mfano ProRes Proxy, unakata kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi inarudi yenyewe kwenye 4K. Ziache zijitengeneze usiku kurani ikiwepo.

mkata_video

Kama diski ndiyo 100, nanyoosha mikono. Ila dola zilizobaki usizile, kizazi cha 12 bado nakuandikia.

Kamera_Katuba

Naleta habari. SSD ya 1 TB, RAM, na diski mbili za nje kwa kopi: dola 260 yote, na kufunguliwa na kupigwa vumbi. Ndoa ya Jumamosi nimeanza kuikata Jumapili jioni, kurani ikaenda saa mbili, nikaendelea kwa betri mpaka kwenye keki. Bibi arusi anatembea vizuri.

Sasa swali lingine: shemeji alinipa video za simu yake, mwanzoni sauti iko sawa, lakini hotuba ya baba ikifika katikati, midomo na maneno vimeachana.

Mama_Picha

Simu inabadilisha idadi ya picha kwa sekunde inavyotaka. Pitisha hizo faili kwanza ndani ya HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua idadi moja isiyobadilika, 25 kama kamera yako iko 25, ndipo uingize Premiere. Na mama wa bwana arusi umujibu simu.