Nyumba ya vyumba sita Mbagala kwa milioni 40: nichukue au niachane nayo?

Mwalimu wa Temeke

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu, naishi Temeke, sijawahi kupangisha hata chumba kimoja. Dalali amenionesha nyumba Mbagala, ndani kidogo ukitoka Kilwa Road. Vyumba sita vya kawaida, korido katikati, vyoo viwili na bafu uani, LUKU moja, maji ya kununua. Vyumba vitano vina wapangaji wa 50,000 kwa mwezi, cha sita anakaa mama yao kwa sasa. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba, anayeuza ni mtoto mkubwa, na ana karatasi ya serikali ya mtaa. Bei milioni 42, ila dalali anasema 40 itakubalika nikilipa taslimu ndani ya wiki hii.

Nina akiba ya milioni 25, zinazobaki nitakopa Saccos ya kazini. Nimepiga hesabu: 50,000 mara sita ni 300,000, kwa mwaka 3,600,000. Mke wangu ana wasiwasi, mimi nyumba nimeipenda. Naombeni ushauri: niangalie nini kabla ya kutoa hela, na nikishanunua niishi vipi na wapangaji?

Mhasibu wa Ilala

Mkuu, hiyo 3,600,000 ni ya kwenye karatasi. Chukulia kwa mwaka mzima chumba kimoja kinakuwa wazi, maana watu wanahama: inabaki 3,000,000. Kodi ya pango ya serikali ni asilimia 10, toa 300,000. Weka 400,000 za bati, rangi, vitasa na kunyonya choo. Umebakiwa na 2,300,000, ambayo kwa nyumba ya milioni 40 hata asilimia 6 haifiki. Sasa Saccos wakikupa milioni 15 kwa riba ya asilimia 12, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia 1,800,000. Marejesho ya mkopo wenyewe yatatoka kwenye mshahara. Mimi ningetafuta kitu cha milioni 25 hizo hizo, bila deni.

Mama wa Yombo

Mwalimu mdogo wangu, pole na hongera ya kuuliza kabla. Nimepangisha Yombo Vituka tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, leo nina wajukuu. Hesabu ya mhasibu ni sahihi. Lakini mimi nimesimama kwenye mstari mmoja ulioupita haraka: cha sita anakaa mama yao.

Huyo mama ni mjane wa mwenye nyumba. Ameridhia? Atahamia wapi? Mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kwa sababu tu yeye ni mkubwa. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena warithi wakiwa wanajua na wameweka saini. Mwambie akuoneshe barua ya usimamizi. Asipokuwa nayo, usitoe hata ya soda. Na hiyo karatasi ya serikali ya mtaa inaonesha kwamba siku fulani watu waliuziana mbele ya mwenyekiti, haithibitishi nani anamiliki leo. Uliza kama kuna hati au leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kumiliki eneo la mjini lisilopangwa. Kama ipo, wakili wako aombe upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, ujue kama nyumba imewekwa rehani au ina zuio. Hii ya "wiki hii taslimu" inanitisha zaidi ya bei yenyewe. Mwenye mali safi atakusubiri uende kwa wakili, na atakubali hela ipite benki.

Hata ukinunua kwa mtu aliye hai na mwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wake aridhie nyumba ya familia kuuzwa. Dai saini yake. Na wewe mkeo umtie kwenye mkataba tangu mwanzo, maana wasiwasi wake una msingi.

Tuje kwenye nyumba. Watu huangalia rangi na vigae, mimi naanzia chooni. Omba mfuniko wa shimo ufunguliwe mbele yako. Kama maji yamefika usawa wa bomba linaloingia, shimo limejaa, au ardhi hainywi tena. Halafu toka nje utembee mpaka mahali gari la kunyonya linapoweza kusimama, uone kama mpira wake utafika. Kule ndani kuna nyumba zimezibwa na kuta za majirani pande zote, gari halisogei, na mwenye nyumba anaishia kuchimba shimo jipya uani. Vyoo viwili kwa familia sita asubuhi ni foleni na ugomvi, na mpangaji mzuri ndiye wa kwanza kuhama.

Umeme ndio wa pili. Mita moja kwa vyumba sita inakula hela ya watu wasio nayo. TANESCO wana tarifa ya mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Familia sita kwenye mita moja haziwezi kubaki humo, kwa hiyo wote wanatupwa kwenye tarifa ya kawaida ambayo na makato inapita 350. Mtu mwenye taa tatu na feni, ambaye kwa mita yake 10,000 ingempa uniti 80, hapo anapata 28 hivi. Halafu jirani ana friji na pasi, na kila siku ni "nani kamaliza umeme?" Mita ndogo za ndani zinasaidia kujua nani katumia nini, ila tarifa inabaki ile ile ya mita kubwa. Kuomba mita mpya mjini ni zaidi ya laki tatu kila moja, kwa hiyo zihesabu kwenye bei unapojadiliana.

Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ya chini ni 1,500 kwa mwezi, anakatwa aliyenunua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Warudishie wapangaji wako bila kusubiri waombe. Ni hela ndogo, lakini wanaiona.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: wapangaji wamelipa mpaka lini? Huku kwetu mtu analipa miezi sita au mwaka mbele. Ukinunua leo na watatu kati yao walishamlipa muuzaji mpaka Desemba, utakaa hadi Desemba bila kupokea kitu, na hauna haki ya kuwadai tena. Gonga kila mlango, ona mkataba au risiti, andika jina na tarehe. Jumla yake ikatwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano.

Mwalimu wa Temeke

Mama, shikamoo. Hayo ya kodi iliyolipwa mbele sikuyafikiria kabisa. Nina swali: dalali anasema mmoja kati ya hao watano hajalipa miezi minne, na kwamba nikinunua "nitoe mlango tu ataondoka". Ndivyo inavyofanyika?

Mama wa Yombo

Marahaba baba. Hapana, usitoe mlango wala bati la mtu. Ukitoa mlango vitu vyake vikapotea, kesho wewe ndiye mshtakiwa na yeye ndiye mlalamikaji, na deni lako halitazungumzwa tena. Kaa naye kwanza, umsikilize. Pengine kazi imekatika, mnaweza kuandikiana alipe kidogo kidogo au aondoke tarehe fulani, naye akaondoka kwa amani. Ikishindikana, mpe notisi ya maandishi, nakala ipeleke serikali ya mtaa. Ikishindikana tena, baraza la kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu, na baada ya hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu. Ndiyo maana kazi kubwa ni kabla hajaingia: kitambulisho, namba ya mdhamini, anafanya kazi wapi, alikopanga mwanzo aliondokaje. Mimi huwa nakwenda mwenyewe kuuliza kule alikotoka.

Na mkataba uwe wa maandishi hata kwa chumba cha 50,000. Idadi ya watu watakaokaa, nani anafagia uani zamu gani, taka hela ngapi, notisi ya mwezi mmoja pande zote. Kodi ipokee kwa simu au benki ili kila mtu abaki na kumbukumbu.

Mpangaji wa Buza

Naongeza la upande wetu. Nimehama nyumba nzuri sana kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anafungua geti na kuingia uani saa yoyote, anachungulia ndoo za watu. Nyingine walipandisha kodi kwa ujumbe wa simu, tarehe 28, ianze tarehe 1. Nilipo sasa bafu halina kigae hata kimoja, lakini simtanki haikauki na nikisema koki imeharibika fundi anakuja wiki hiyo hiyo. Sina mpango wa kuhama.

Mwalimu wa Temeke

Mrejesho wakuu. Jumamosi nilikwenda bila dalali, nikaongea na yule mama. Mirathi haijafunguliwa. Ana mabinti wawili, mmoja Tanga, mwingine Morogoro, na hawajaambiwa chochote kuhusu kuuza. Yeye mwenyewe alijua wanatafuta mpangaji mwingine tu. Nimeachana nayo. Dalali amekasirika, anadai hela ya usumbufu.

Kuna nyingine nimeambiwa Chamazi, vyumba viwili vya masta, kila kimoja na LUKU yake, milioni 24, ina leseni ya makazi.

Mama wa Yombo

Umefanya vizuri kwenda kwa yule mama. Dalali mlipe kama mlikubaliana kulipia kuoneshwa, zaidi ya hapo hakudai.

Hiyo ya Chamazi nimeipenda kwa hizo mita mbili. Leseni ya makazi ina muda wake, angalia haujaisha, na jina lifanane na kitambulisho cha anayeuza. Tazama ukuta wa nje chini, usawa wa goti: rangi ikiwa mpya pale tu na juu imepauka, wanaficha mstari wa maji. Muulize muuza genge wa jirani maji hufika wapi wakati wa masika, yeye hana cha kukuuzia. Kama unaweza kusubiri, irudie siku mvua imenyesha usiku kucha, uvae buti, uanzie barabarani kwa miguu.